Kichana cha Meno Matano

Sajini alirudi kutoka vitani siku ya Jumanne, saa tisa alasiri, na Kichana akampokea akiwa na damu ya mtu mwingine kwenye aproni.

Damu yenyewe ilikuwa ya binti mmoja wa chumba cha viwashio, vile vidude vya kulipulia makombora, mgeni wa wiki mbili, ambaye asubuhi ile alikibana kiwashio kwa nguvu zaidi kidogo kuliko kinavyotaka. Kikalia mara moja tu, na vidole vitatu vikaenda zake. Kichana ndiye aliyekuwa karibu. Alimfunga yule binti kifundo cha mkono kwa mkanda wa aproni, akakaa naye sakafuni mpaka machela ikaja, kisha akanawa na kurudi kwenye meza yake. Mizinga ilikuwa inasubiri kulishwa, na Msimamizi hakuwa mtu wa kusikiliza visingizio.

Jina la Kichana hakupewa na mama yake. Alilipata bandani. Banda la kujazia makombora lilikuwa na sheria moja isiyo na mchezo: chuma hakiingii. Cheche moja ya pini ya nywele ingetosha kuwapeleka wanawake mia mbili juu pamoja na mapaa. Kwa hiyo kila asubuhi langoni walivua pete, hereni na pini, wakaviweka kwenye sanduku la mwanamke mnene aliyeitwa Mpekuzi, wakavaa viatu vya kitambaa, wakaingia. Majina nayo waliyaacha hukohuko. Humo ndani kila mwanamke alikuwa na alama yake, aliyoichora kwa rangi nyeupe kwenye kitako cha kila kombora alilojaza, ili likiharibika ajulikane wa kuulizwa. Mmoja alichora ufunguo, mwingine sindano, mwingine kikombe. Yeye alichora kichana cha meno sita, na kazi yake ilikuwa safi kiasi kwamba wakaguzi wakiona kichana hawakupima. Waligonga mara moja, wakapitisha.

Baruti haikumwachia mtu bure. Iliwatia manjano viganjani, kwenye kucha, hata kwenye weupe wa macho. Mjini watu waliwajua kwa mbali na kuwapisha njia, na si kwa heshima.

"Chukua pete yako, bibi harusi," Mpekuzi alimwambia alasiri ile, akichakura sandukuni. "Na leo haikuja peke yake. Mwenye pete yupo pale nje, amenyooka kama nguzo tangu saa tisa. Nimemwambia akae, ananiambia amekaa sana hospitali."

Kichana aligeuka.

Alikuwa yeye. Mkono wa kushoto umefungwa kifuani kwa bendeji, na kovu jipya, bado jekundu, limeshuka kutoka sikioni mpaka ndani ya kola. Miezi kumi na mmoja. Miezi kumi na mmoja Kichana alikuwa amejipanga maneno ya siku hii, akiyarudia huku akishindilia baruti, na sasa yote yalimpotea, hata moja la kuazima hakulipata.

Sajini alimtazama kwanza machoni, kisha kwenye aproni.

"Wangu," alisema. Ndivyo alivyomwita siku zote. "Umeumia?"

"Si damu yangu."

"Na mimi huko nilikuwa nasema hivyohivyo kila jioni." Akajaribu kutabasamu, kovu likamkataza nusu ya mdomo. "Umekonda."

"Na wewe umeungua."

"Basi tumelingana. Njoo."

Akamvuta kwa mkono mmoja, na Kichana akaweka paji la uso kifuani pake, upande usio na bendeji, akasikia moyo wake ukipiga mbiombio. Alimpenda mtu huyu. Alimpenda mpaka hasira zikampanda, kwamba mtu mmoja tu mwenye masikio makubwa na mzaha mbaya anaweza kuyashika maisha yako yote namna hiyo, halafu akaenda nayo vitani.

"Mwanangu," sauti ilisema nyuma yao.

Ilikuwa ya mama yake Sajini. Naye alikuwa akitoka bandani, maana alifanya kazi meza ya pili kutoka kwa Kichana na alama yake ilikuwa kikombe. Alipenya katikati yao kama anayefungua pazia, akamshika mwanawe mashavu kwa viganja vyake vya manjano, akalia bila sauti. Kisha alipomaliza kulia alimkata Kichana jicho.

"Ungemwacha kwanza mama yake amwone," alisema.

"Shikamoo, Mama," Kichana alijibu.

Salamu ile haikuitikiwa, na wala haikuwa mara ya kwanza. Kichana alikuwa mjane. Mumewe wa kwanza aliuawa mwezi wa pili wa vita hivihivi, na tangu Sajini atamke habari ya ndoa, mama yake alikuwa na jibu moja tu, na hakujali nani anamsikia: "Huyu ameshazika mmoja. Mimi sina mtoto wa akiba."

*

Nyumba ya mama ilikuwa ya vyumba viwili na dirisha moja la kioo linalotazama barabara. Mama alimimina chai. Kichana alikaa karibu na ukuta, kwenye kiti alichoonyeshwa kwa kidevu. Sajini hakukaa.

"Nina siku nne," alisema. "Nimekuja na mambo mawili. La kwanza, la ndoa, mnalijua nyote, na mama asitie neno bado. La pili ni hili."

Akatia mkono ndani ya koti, akatoa kitu kilichofungwa kitambaa, akakiweka mezani. Chuma kikalia juu ya mbao. Alikifungua taratibu. Kilikuwa kipande cha kitako cha kombora, kipana kama kiganja, kingo zake zimechanika, na upande mmoja umekuwa mweusi kwa moto. Upande wa pili rangi nyeupe ilikuwa imesalia, imebabuka kidogo tu.

Ilikuwa picha ya kichana.

"Tulikuwa sita kwenye mzinga," Sajini alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, utulivu wa mtu aliyerudia jambo mara nyingi peke yake. "Mluzi ndiye aliyelisha. Mnamkumbuka Mluzi, nilimwandika kwenye barua, yule anayepiga mluzi hata akila. Alisukuma kombora, nikapiga. Halikutoka. Lilipasukia ndani. Mzinga ulifunguka kama ganda la njugu. Mwenzetu mmoja alikatwa kichwa, na mwili wake ukabaki umesimama muda wa kutosha mimi kuuona. Wawili waliungua wakiita mama zao. Mmoja alikufa asubuhi yake. Mluzi..." Akakigusa kile chuma. "Mluzi nilimzoa kwa beleshi."

Mama aliweka birika chini. Lilitetemeka mkononi mwake kabla halijafika.

"Adui tunamjua, tumemzoea," Sajini aliendelea. "Adui yuko mbele. Hili lilitoka nyuma yetu. Lilitoka humu mnamofanya kazi. Mtu aliacha uwazi ndani ya baruti. Alikuwa amechoka, au amelipwa, mimi sijui. Nilipotoka hospitali nilikula kiapo mbele ya makaburi matano, kwamba nitamtafuta huyu mchoraji na kumpeleka kwa Msimamizi, akapigwe risasi ukutani kama sheria inavyosema. Nyie mpo humo ndani. Nani anachora kichana?"

Kichana hakumsikiliza tena. Alikuwa anahesabu.

Moja, mbili, tatu, nne, tano.

Alihesabu upya, akitumaini jino la sita limeungua. Halikuungua. Ukingo ulikuwa mzima pale, na rangi iliishia vizuri. Kichana kilikuwa na meno matano.

Hapo alijua mambo mawili kwa mpigo mmoja, na la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza.

Miezi miwili nyuma, mikono ya mama yake Sajini ilikuwa imeanza kutetemeka. Baruti hushindiliwa kwa mchi wa mbao, tabaka kwa tabaka, na tabaka la chini ndilo linalotaka mkono imara. Wakaguzi walikataa makombora yenye kikombe mara mbili. Mara ya tatu ni kufukuzwa, na mama yule aliishi kwa kuamini kwamba kila kombora analojaza linamlinda mwanawe. Kichana aliona. Hakuna aliyemwomba. Alinyoosha mkono tu, akavuta makombora ya mama mezani kwake, akayashindilia upya juu alikoweza kufika, na akayachora kichana, kwa kuwa kichana hakipimwi. Ya kwake mwenyewe, yaliyo mazuri, akamsukumia mama ayachore kikombe. Hawakusemezana neno. Ilikuwa wiki moja tu, makombora kumi na tisa, mpaka mikono ya mama ilipotulia kwa muda. Na ili baadaye ayatambue na kutafuta namna ya kuyarudisha, kila moja alilichora kichana pungufu cha meno matano.

Lakini yalifungwa kwenye masanduku kabla hajapata nafasi, naye akaogopa kusema. Siku zikapita. Akajiambia yatakuwa mazima.

Hilo lilikuwa jambo la kwanza, kwamba kombora lililomuua Mluzi lilijazwa na mama yake Sajini. La pili ni kwamba yaliyobaki yalikuwa bado ghalani, maana masanduku mengi ya wiki ile yalikuwa hayajaondoka, na ghala lilikuwa linapakiwa jioni ile.

Aliinua macho. Mama alikuwa anakitazama kile chuma, na mikono yake ameificha makwapani. Hakuinua uso.

"Nani?" Sajini alirudia.

"Ni mimi," Kichana alisema.

Sajini alicheka kidogo. "Wewe nini?"

"Kichana ni mimi. Ndivyo wanavyoniita bandani. Hatukuruhusiwa kuandika habari za kazi kwenye barua, ndiyo maana hukujua. Mimi ndiye niliyechora hicho."

Kicheko kilibaki usoni pa Sajini muda kidogo baada ya kufa, kwa jinsi kovu lilivyoukaza ule uso. Kisha meza ikapinduka. Vikombe vilivunjika, chai ya moto ikammwagikia Kichana miguuni, na kabla hajasimama vizuri mkono ule mmoja mzima ulikuwa umemshika shingo, umembana ukutani mpaka kisogo kikagonga tofali.

"Sema si kweli."

Hakuweza kusema lolote.

"Nilikuwa nalala na barua zako kifuani. Mluzi alikuwa ananitania kwa ajili yako. Sema si kweli."

Vidole vikaingia zaidi. Macho ya Kichana yalianza kuona weusi pembeni. Aliona uso wa mtu anayempenda ukiwa karibu kiasi cha kubusiana, na ndani ya macho yale hakumwona. Sajini alikuwa huko, kwenye mzinga. Kichana aliogopa kufa, na aliogopa zaidi kwamba atakufa kabla ya kusema lililobaki. Akaukamata ule mkono kwa mikono yake yote miwili, akavuta hewa ya neno moja.

"Mengine."

"Nini?"

"Yako mengine. Ghalani." Vidole vililegea kidogo. "Treni inaondoka saa kumi na mbili. Nipeleke kwa Msimamizi. Sasa hivi. Utaniua baadaye."

Sajini alimwachia. Aliutazama mkono wake kana kwamba mtu kamrudishia kitu asichokumbuka kuazimisha. Kisha akageuka, akanyanyua kiti na kukitupa dirishani, na kioo chote kikamwagika barabarani.

Mama alikuwa bado ameketi palepale meza ilipokuwa, chai inamtiririkia chini ya miguu.

*

Kioo kilipovunjika, barabara nzima ilikuwa na masikio. Kufumba na kufumbua habari ilikuwa imefika mbele yao. Mwanamke mmoja aliyekuwa foleni ya mkate alipaza sauti: "Ndiye huyo wa manjano. Ameua wapiga mizinga wetu watano."

Jiwe la kwanza lilimpita Kichana. La pili lilimpasua juu ya jicho.

Hakukimbia, kwa kuwa anayekimbia hufukuzwa, na hakuwa na muda wa kufukuzwa. Alijikaza kisabuni, akaongeza mwendo, damu ikimwingia jichoni, safari hii ya kwake. Wanawake walimzonga. Aliwajua. Mmoja aliwahi kumwazima sindano. Mwingine mumewe alikuwa mbele. Huyo ndiye aliyemkamata nywele na kumvuta hadi magotini, na wengine wakaingiza miguu, ubavuni, mgongoni, popote palipokuwa wazi.

Kisha akaona viatu vya jeshi vimesimama juu yake, kimoja huku na kimoja huku.

"Atahukumiwa," Sajini alisema. "Hapigwi."

"Wewe mwenyewe ndiye unayempeleka," mwanamke alisema.

"Mimi ndiye ninayempeleka. Wewe kaa pembeni."

Jiwe moja lilimpata Sajini kwenye mkono uliofungwa, akaguna kama mnyama, lakini hakusogea. Akamnyanyua Kichana kwa kwapa. Walikwenda hivyo, mguu mosi mguu pili, bila kutazamana, yeye amemzunguka kwa mwili wake wote na kumchukia kwa moyo wake wote. Kichana aliyajua yote mawili kwa joto la ule mkono.

"Kwa nini?" Sajini aliuliza walipokaribia lango, chinichini. "Hilo tu uniambie. Ulikuwa umechoka?"

"Nilikuwa nampenda mtu," Kichana alisema.

Sajini alidhani anamdhihaki, akamsukuma mbele.

*

Jukwaa la kupakilia lilikuwa nyuma ya banda. Injini ilikuwa tayari inapiga mvuke. Msimamizi, mwanajeshi wa zamani mwenye mguu wa mbao, alisimama katikati ya masanduku na karatasi zake, na wanawake wa zamu ya jioni walikuwa wamesimamisha kazi, pamoja na Mpekuzi aliyewafuata kutoka langoni akihema.

Msimamizi alisikiliza yote bila kukatiza. Alikipindua kile chuma mara mbili.

"Kichana," alisema hatimaye. "Ningeapa kwa mguu wangu uliobaki kwamba si wewe. Basi. Askari watakuchukua."

"Na masanduku?" Kichana aliuliza.

"Masanduku yanakwenda."

"Yamo mabovu."

"Kichana kimechorwa kwenye makombora zaidi ya mia nne yaliyoko hapa, binti, yamechanganyika na ya wenzako. Siwezi kuyapima mia nne. Huko mbele wamebakiwa na makombora ya siku mbili. Nikizuia treni wanakufa, nikiiachia labda wanakufa wachache. Nimechagua."

Akamwashiria dereva. Injini ikapiga honi.

Kulikuwa na njia ya kuyapata kwa nusu saa, na ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Kichana. Lakini akisema kwamba mabovu yana alama tofauti, ataulizwa kwa nini. Na kwa swali hilo hakuna majibu mengi. Ama amtaje mama aliyejaza, ama akubali kwamba yeye mwenyewe aliyajua kuwa mabovu, akayatia alama, akayaacha yaende. Huyo tena si mfanyakazi aliyechoka. Huyo ni msaliti, na msaliti hulala usiku mmoja tu kabla ya risasi.

Alimtazama Sajini. Alitaka kumwona mara moja tu bila ile hasira, lakini hakujaliwa. Akapiga moyo konde.

"Vichana vyangu vina meno sita," alisema. "Mabovu yana matano. Yalikuwa kumi na tisa. Tafuteni meno matano."

Msimamizi alikigeuza chuma mkononi mwake, akahesabu kwa midomo.

"Ulijua," alisema polepole. "Uliyatia alama kabisa. Ulijua."

"Ndiyo."

Askari wawili walimkamata mikono na kuipinda nyuma mpaka bega likalia. Mmoja alimpiga kitako cha bunduki tumboni. Alipoinama kutapika alimsikia Sajini akitoa sauti moja ndogo, kama ya mtu anayechomolewa kisu.

"Mwacheni."

Mama yake Sajini alikuwa amefika. Alikuwa amekimbia njia nzima, kilemba kimemlegea, pumzi hana. Miguu yake ilikuwa mitupu na inatoka damu, kwa kuwa alipita juu ya kioo cha dirisha lake mwenyewe.

"Mwacheni, nimesema. Yenye meno matano ni yangu. Nimeyajaza mimi, kwa mikono hii." Aliitoa makwapani na kuinyoosha mbele, na kila mtu akaiona inavyotetemeka. "Mkaguzi alikuwa ananitafuta. Huyu akayachukua yangu akanipa yake. Hakunidai hata asante, na wala sikumpa."

"Mama," Sajini alisema.

"Nyamaza, sijamaliza. Nilihesabu yale meno siku ya kwanza," mama alimwambia Kichana. "Meno sita, meno matano. Nikadhani unanidharau. Nikadhani unajiwekea ushahidi wa kunifungia mdomo siku ya posa. Nimekunywa chai na wewe leo, nimeona chuma kile, nimehesabu kabla yako. Na nikakaa. Nilimwona mwanangu anakukaba, nikakaa. Nikasema acha achukuliwe yeye, mimi nina mtoto mmoja." Akapangusa uso kwa mkono wa manjano. "Halafu nikajiuliza, haya yaliyobaki yanakwenda kwa watoto wa nani."

Msimamizi alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Zima injini," alisema. Kisha, kwa askari: "Mwachieni huyo, naye nitamhoji kesho, hajanusurika huyo. Mchukueni mama. Taratibu, anachechemea."

Mama hakungoja kushikwa. Alimwendea Kichana kwanza. Alifungua kilemba chake, akakikunja mara mbili, akamfunga Kichana shingoni, juu ya alama za vidole zilizoanza kuwa nyeusi. Mikono ilimtetemeka, fundo likamkataa mara mbili, na Kichana akasimama kimya mpaka likakubali.

"Mkwe wangu hatembei mjini na alama za mwanangu shingoni," alisema. Kisha akamgeukia Sajini, na sauti yake ikawa ileile ya siku zote. "Na wewe. Ukimgusa tena namna ile, popote nitakapokuwa, juu ya ardhi au chini, nitajua."

Akaenda na askari.

*

Walitafuta kwa saa nzima na ushei. Wanawake wa zamu mbili walipanga mstari, wakafungua masanduku, wakayageuza makombora matako juu, na kila lenye meno matano likawekwa kando kwenye saruji. Kichana alihesabu kwa sauti iliyokuwa imebaki kidogo. Sajini alifanya kazi upande wa pili wa sanduku lilelile, kwa mkono mmoja, na hakuna aliyemfukuza.

Yalikuwa kumi na nane.

Walirudia masanduku yote. Kumi na nane. Mpekuzi alianza kusema kwamba labda Kichana alikosea hesabu siku ile, kisha akamwona Sajini na akanyamaza.

Sajini aliinama, akakichukua kile chuma mahali Msimamizi alipokiacha. Alikwenda nacho mpaka mwisho wa mstari, akapiga magoti, akakiweka chini, kichana juu, sambamba na yale kumi na nane.

"Kumi na tisa," alisema.

Alibaki amepiga magoti, mabega yakimtikisika. Kichana alisimama nyuma yake. Alitaka kuweka mkono kwenye ile shingo iliyoungua, na mkono ukakataa. Alimpenda na alimwogopa, vyote viwili vikiwa vipya, na hakujua ni kipi kitachoka kwanza.

"Nina siku tatu na nusu zimebaki," Sajini alisema bila kugeuka. "Sina haki ya kuuliza. Lile jambo langu la kwanza, bado unalitaka?"

Kichana alivuta kile kilemba kidogo, kikalegea, akapata kumeza mate. Palimuuma mpaka masikioni.

"Niulize shingo ikipona," alisema. "Sasa shika upande huo. Masanduku hayajifungi yenyewe."

Sajini alisimama, akashika upande huo.